Chupa Kumi na Mbili

Korosho inasubiriwa. Ina ghala, ina mizani,
ina karani mwenye kalamu sikioni,
ina mnada wa Ijumaa na malipo ya pili
yasiyojulikana yatafika lini.
Bibo halina hata kikapu.
Likishanyofolewa korosho yake hutupwa palepale,
mbuzi wanakula, nyuki wanalewa,
na jioni Kitangari nzima inanukia
sherehe isiyo na mwenyewe.

Bibi Nantende aliyaokota miaka arobaini,
akayatwanga kinuni, akauza ulaka kwa kata:
asubuhi mtamu, mchana mkali,
kesho yake hata mlevi anageuza pua.
"Ulaka ni wa leo," alisema. "Wa kesho ni ugomvi."

Mimi nikataka wa mwakani.

Nikachagua mekundu yasiyopasuka,
nikayakamua kwa shuka kuukuu,
nikamiminia uji mwepesi wa muhogo
ukazama polepole na ukakasi wote,
kama mama atokaye ngomani
kamshika mkono mwanawe mtukutu.
Sukari kilo tatu, kwa mkopo. Hamira kijiko.
Muuguzi Eulalia akanipa mpira wa dripu
uliopitwa na tarehe:
ncha moja dumuni, ncha ya pili kwenye kopo la maji,
na usiku kucha bwata, bwata,
dumu likipumua kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Chupa kumi na mbili nilizitoa baa kwa Mchopa,
nikazisugua kwa mchanga na maji ya moto.
Vizibo nilikata kwenye kandambili ya Chitanda,
ya kushoto. Mpaka leo anaitafuta.
Nikaziba kwa nta, nikazipanga uvunguni,
nikasahau jambo moja:
kopo lilikuwa bado linacheka.

Usiku wa nane ikalia ya kwanza. Pa!
Ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne.
Bibi alikuwa chini kabla sijawasha taa,
"Mreno! Mreno karudi!"
Tukacheka, mimi na Chitanda, tukashika mbavu,
hadi mwanga ulipomfikia.
Kalala kifudifudi kwenye vigae na povu,
kiganja kimefunika kichwa cha mtoto
ambaye hakuwepo.

Hatukuulizana kitu. Nilifagia.

Zilizobaki nilizifungua zikapumua, nikaziba upya.
Masika ikapita juu yake. Tope likatulia,
rangi ikatoka uji ikawa chai, ikatoka chai ikawa asali.
Mbili zikageuka siki, tukalia kachumbari.
Moja ilitoweka; Mchopa anaapa si yeye,
na anaapa akiwa ametabasamu.

Juni, ukungu wa Newala umebana milango,
nilifungua ya tisa. Haikulia.
Nikammiminia Bibi kwenye kikombe cha bati.
Akanusa. Akaonja. Akaigeuza ulimini
kama anayetafuta mwiba kwenye samaki.
"Umenyamaza," akasema.

Kisha akanyoosha kikombe tena,
na bila kuniangalia:
"Yule aliitwa Somoe. Alikuwa na meno mawili."

Ukungu haukuondoka hadi saa nne.
Chupa nne zimebaki uvunguni.
Sukari bado nadaiwa.