Safu ya Nne

Safu ya kwanza, shughuli: kuchimba mtaro, kilomita sita.
Safu ya pili, vilula: kumi na vinne, nimevihesabu kwa kidole
jua la Uru likinichoma kisogo.
Safu ya tatu, fedha ya umma: imekwisha hadi senti,
risiti zimebanwa pini.

Safu ya nne, matokeo yanayotarajiwa:
"hali bora ya maisha."
Kipimo: nukta, nukta, nukta.
Wakubwa walitia saini juu ya nukta.

Kilula cha tisa nilimkuta Aikande Temba
ameikalia ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage.
"Hiyo hali bora, mama, imekufikia?"
"Bora ina lita ngapi?"
Akafungua koki. Ikakohoa,
ikatema upepo, halafu kutu.
"Hulia Jumanne, saa nane za usiku.
Siku nyingine Ndeshi wangu huamkia mfongoni.
Andika basi: shuleni alikuwa akichelewa
siku nne kwa wiki. Sasa tatu.
Hiyo moja iliyopungua
ndiyo mradi wenu."

Nikaitafutia siku moja kisanduku.
Hakuna. Nikageuza fomu,
nikaandika nyuma kwa penseli:
kilula cha tisa, mtoto mmoja, siku moja.

Najua ofisini Moshi wataniuliza hii ni takwimu gani,
na pengine wataifuta, penseli haina ubishi.
Ila mkataba ujao, kabla kalamu haijafunguliwa,
nitaomba tuweke mezani
ndoo tupu,
na saa.