Zamu ya Maji, Birkat Mauz

Baada ya alfajiri, kiyoyozi kikikohoa,
nafungua msahafu wa mama, jalada limeshikwa kwa utepe.
Nasoma ndugu wanavyomtupa kijana kisimani.

Miaka arubaini nilijua:
kisimani ni mimi,
ukingoni ni kaka yangu Msellem
aliyenidhulumu mitende tisa.

Leo nimesita.
Mkono unaosukuma una pete yangu.
Kanzu ile, damu ya uongo
niliipaka mwenyewe, nikaianika majirani waione.
Na anayelia kule chini
ana sauti yangu ya utotoni,
kabla sijajua kuhesabu tende za mwenzangu.

Nje, maji ya falaji yanaingia kwa Msellem kwanza.
Zamu yake.
Sitoki kuangalia saa.
Nimeinama juu ya aya,
nateremsha ndoo.