Chaki ya Fundi

Jioni ile umeme ulikatika Kadutu nzima
na cherehani zetu za mguu zikaendelea,
hazijawahi kumngoja mtu wa umeme.
Nabintu akasema: nimechoka na sare za shule,
kila mmoja amwandikie mwenzake neno,
moja tu, msinijazie barua.
Karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na vipande,
makombo ya vitenge, tetroni ya bluu,
na chaki bapa, ile inayokatika ukiikasirikia.

Nilipata vitano.
Nikavibeba ndani ya kikombe cha vifungo,
nikavifungua nyumbani kwa tochi ya simu,
mlango nimeubana kwa kiti
kama mtu aliyeiba.

CHUMVI.
Huyo Mwamini, namjua kwa M yake yenye mabega.
Sifa au lawama? Mchuzi ungeniambia,
yeye hataniambia.
Nilimwambia mchumba wake ana viganja laini mno
kwa mtu anayedai kuvunja mawe.
Alilia, akamwacha, akaninunia mwezi mzima,
kisha akaja na sambaza kwenye bakuli lenye mfuniko
na hakusema ni za nini.

NGAZI, kaandika Cirhuza,
na nikacheka, maana Bukavu nani si ngazi,
mji mzima ni kupanda na kushuka.
Halafu nikaanza kuhesabu
waliojifunzia kwangu kupima bega na kugeuza kola,
wenye vibanda vyao leo, Nguba, Nyawera, Panzi,
na mimi palepale, na alama za viatu.
Sikucheka tena. Wala sikukasirika.
Ngazi ya mbao hulia tu ikikanyagwa vibaya.

MKAIDI. Herufi za Nabintu
hupiga kelele hata kwenye kitambaa.
Hilo nililijua. Mama alilitangulia kwa Mashi
nilipokataa ziwa la kushoto.

La Aganze, mwanafunzi wetu, limenilaza macho:
TARATIBU.
Ana maana mpole, au ana maana mzito?
Lugha yetu imewaweka wawili hao nyumba moja
bila hata pazia katikati.
Kesho yake nilimwangalia akitunga uzi sindanoni
nami nikafanya haraka, makusudi,
nikatoboa kidole.

Cha tano kilikuwa cha Nsimire,
aliyeondoka alfajiri kwenda Uvira
na mashine yake imefungwa ndani ya shuka.
Neno lake lilifutika kikombeni.
Limebaki vumbi jeupe na mkia wa herufi,
y, au g, au j,
au njia ya kidole changu mwenyewe.
Jasiri? Mjanja? Mgeni?
Usiku mmoja nikaamini kabisa ni yatima
nikamchukia mpaka jogoo.

Wiki ya tatu nikanunua vocha.
Neno gani? anasema, na nyuma yake watoto, redio, sufuria.
Ee dada, siku ile? Labda niliandika urefu wa zipu!
Akacheka kile kicheko chake cha kukaba,
nami nikacheka, na vocha ikicheka inakwisha.
Lako lakini ninalo, akasema.
Nililipitishia uzi mwekundu lisifutike.

Mimi nilikuwa nimemwandikia RUDI.
Wala si sifa. Wenzangu walitafuta yeye ni nani,
mimi nikampa amri.

Vinne nimevishonea ndani ya koti,
upande wa bitana, karibu na kwapa,
mahali ambapo nguo humjua mtu.
Cha tano kinakaa mezani, chini ya mkasi.
Asubuhi, kabla ya wateja, naandika kitu juu yake,
natazama, napangusa.
Juzi niliandika CHUMVI tena, kujaribu mwandiko wangu.
Jana NJAA, lakini hiyo ilikuwa njaa tu.

Leo mvua imeshuka na udongo wote wa mlimani,
uko kwenye viatu vya kila aingiaye.
Chaki iko mkononi na sijaandika.
Mama mmoja amesimama, amenyoosha mikono yote miwili,
anasema: nipime, fundi,
na usinipunguze.