Yasiyoingia Katika Kumbukumbu

Kazi yangu ni kuandika hoja, nani kaitoa, nani kaiunga mkono,
mikono mingapi juu, mingapi mapajani.
Mwaka wa kumi na tisa huu, karani wa mji wa Corley Mills,
sijapata kuandika kwamba mtu alilia.

Jumanne ya Machi, theluji imekwisha kuwa tope,
viatu vimejazana mlangoni kama vya msibani.
Hoja ya Saba: nyumba kongwe za Mtaa wa Kanisa
ziruhusiwe kugawanywa, familia tatu, hata nne,
na viwanja vya nyuma vijengwe.

Alden Whitcomb akasimama na picha yake ya stesheni.
Tunaijua. Huja nayo kila mwaka katika mfuko wa nailoni:
paa la mawe, saa yenye nyuso nne,
vyote chini kwa siku mbili, yeye ana miaka tisa.
"Walituahidi soko," akasema. "Tukapata maegesho ya magari."
Hakusema uongo. Hata waliomchoka waliinama.
Kisha akaingia kwenye madirisha ya nyumba ya Kapteni Prouty,
vioo vilivyopulizwa kwa mdomo,
jinsi mti wa nje unavyoyumba ukisogeza kichwa
hata siku isiyo na upepo.
"Fundi kafa zamani. Pumzi yake imo humo bado."

Nikaandika: Bw. Whitcomb alipinga.

Akasimama Noella Ouellette, muuguzi wa zamu ya usiku,
sare mwilini, kitambulisho kikining'inia.
Hakuja na picha. Alikuja na funguo za gari,
akawa anazigonga mezani huku anasema.
Si kwamba kodi ni kubwa; chumba chenyewe hakipo.
Kilomita sabini kuja, sabini kurudi.
"Nawageuza mama zenu kitandani wasiote vidonda.
Zamu ikiisha, natafuta pa kuegesha nilale."

Usiache mbachao kwa msala upitao.
Sawa.
Na asiye na mbacha, alalie nini?

Nikaandika: Bi. Ouellette aliunga mkono.

Wiki iliyopita nilishuka ghala la chini kutafuta ramani ya mipaka,
nikakutana na daftari la wapangaji, mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja,
pembe zimeliwa na panya.
Nyumba ya Kapteni Prouty: familia sita.
Ghorofa ya juu, chumba cha mashariki:
mjane, watoto watano, kiwanda cha sufu.
Jina la mjane, Whitcomb.

Daftari lilikuwa mkobani, chini ya kiti changu.
Karani hana sauti kikaoni, kanuni ndiyo hiyo,
nami niliishikilia kanuni
kama abiria anavyoshikilia mkono wa kiti.
Niseme na hili: ninaishi Mtaa wa Kanisa.
Nina vyumba vinne na paka.

Waliokubali, thelathini na wanane.
Waliokataa, arobaini na mmoja.
Hoja imeanguka.

Alden alibaki kunisaidia kukunja viti.
Nikamfunulia ukurasa. Akavua miwani, akausogeza karibu na pua,
akapitisha kidole juu ya jina bila kuligusa.
"Chumba cha mashariki," akasema. "Asubuhi jua lote huingia mle."
Kisha akaniuliza kama tope litaganda usiku.

Nikazima taa. Njia yangu hukatiza maegeshoni,
pale ilipokuwa saa ya nyuso nne.
Gari moja tu. Vioo vimefunga ukungu kwa ndani,
pumzi ya mtu aliye hai.
Nilisimama hadi baridi ikapanda magotini.
Nikauinua nigonge
mkono ule ule uliokaa mapajani jioni nzima.