Na Wanawe

Muhuri unasema: MBAROUK NA WANAWE, WETE.
Chini yake karafuu moja, kichwa juu.
Nawe umekuja na meli ya usiku kuniuliza
ni nani anayevitengeneza siku hizi,
na kama ni vile vile.

Kaa. Si hapo, hapo pana vumbi la msasa.

Mbarouk nilimkuta keshaota mvi mpaka za nyusi.
Wanawe watatu: mmoja yuko Maskati, anauza matairi;
mmoja Tanga, simjui afanyalo;
wa mwisho, Rubeya, ndiye mwenye muhuri,
ana duka Mkunazini, vioo na kiyoyozi,
na pumu. Moshi haukaribii.
Katika wote hao hakuna aliyepata kushika keekee.

Mimi Sichana binti Faki.
Baba alikuwa akifagia hapa.
Namletea uji, nasimama natazama,
siku moja nikaambiwa, hebu shika huku.
Nikashika. Mwaka wa thelathini na moja huu sijaachia.
Jina langu halimo, maana muhuri ni mdogo,
upana wa ukucha tu,
ndivyo alivyonambia Rubeya.

Ubora? Kitoe hicho chako cha zamani.
Najua unacho; kila anayekuja anacho,
kakifunga kitambaa kama jino la marehemu.

Tazama sasa. Hii ni chelewa, nimeichomoa ufagioni.
Ukiipitisha mdomoni mwa kiko, ikafuata digali,
hutokea chini kabisa ya bakuli, katikati,
kama mgeni aliyeonyeshwa mlango.
Chako imegota.
Umesikia? Imegota ukutani.
Tundu lilikwenda upande, mtu akanyamaza.
Na hapa pana ufa, umezibwa kwa nta na masizi.
Kazi ya Mbarouk mwenyewe hiyo,
ya msimu ule karafuu zilipokuwa na bei
na kila mwenye fedha akitaka kiko kabla ya Idi.

Usinune. Kimevutwa miaka sitini, kitavutika.
Ila usinambie vya zamani vyote vilikuwa vyema.
Vibovu vilitupwa jaani, vikaoza,
vyema vikabaki kutusema.

Vyangu nakereza kwa kiini cha mkarafuu ulioanguka wenyewe,
miaka minne darini, juu ya jiko, mpaka ukigongwa unalia.
Umeme ukikatika nangoja.
Rubeya hapendi nangoje.
Ana oda ya mia mbili, mikono yangu ni miwili,
kwa hiyo huja katoni, bandarini Malindi,
mbao laini, vanishi nene kama asali,
nao hupigwa muhuri ule ule dukani, nyuma ya pazia.
Ukivuta, siku ya tatu ulimi unawaka,
siku ya kumi vanishi inatoa malengelenge.

Haya, nimeshasema. Sikuapishwa kunyamaza.

Ukitaka kujua, pindua kiko juani:
chini ya mdomo, mahali kidole hakifiki,
pana kitone cha sindano.
Hakionekani kwa asiyeambiwa.
Chenye kitone, mimi. Kisicho nacho,
muulize aliyekuuzia.

Mimi sivuti. Kila kimoja nakijaribu kikavu,
bila tumbaku, nafyonza hewa tu.
Kibaya kinapiga mluzi, au kinakoroma.
Kizuri hakisemi kitu,
hewa inakuja kana kwamba hukuiita.

Bei ni ile ya dukani, sikupunguzii;
mimi nalipwa kwa kichwa, hata akiuza kwa dola.
Na kama utarudi baada ya miaka,
macho yangu yatakuwa yameshachoka na kitone.
Yule pale anayekata gogo kinyume cha nyuzi zake,
mjukuu wangu, Mgeni, ana miaka kumi na tano,
jana kavunja keekee mbili.
Usimtazame sana.
Akijua anatazamwa anaharakisha.