Bambo

Mama alikuwa na bambo, chuma chenye ncha na tundu,
akilipachika kiunoni, ndani ya fundo la kanga,
na wauza mahindi wa Marafa walimjua.
Hakumwaga gunia. Nani ana muda, nani ana uwanja?
Alidunga juu kidogo, akadunga ubavuni,
kisha akapiga goti, akadunga kitakoni,
pale ambapo mwenye mali hutazama kando na kukohoa.
Punje zikamiminika kiganjani:
za juu nyeupe, za kati nyeupe,
za chini vumbi, fukusi, na kijiwe cha kuongeza uzito.
"Haya," husema, "sasa tuzungumze bei."

Mimi nimepewa kishikwambi na fulana ya njano.
Mselem kaniambia: watu mia nne, Malindi nzima,
nani watampa kura.
Siku ya kwanza nilipata tisini na wawili.
Nilisimama kivulini, kati ya benki na duka la simu,
saa nne asubuhi, na waliopita
walikuwa na viatu, na nafasi, na la kusema.
Mmoja alininunulia sharubati ya ukwaju.
Kufikia Alhamisi mgombea wetu ana asilimia sitini na nane,
na Mselem anapiga makofi: "Ongeza, wafike elfu!
Nani atatubishia elfu?"

Sikulala.
Elfu ya juu ya gunia
ni juu ya gunia.

Ijumaa nikapanda boda hadi Gongoni, kwenye chumvi.
Jumwa Thoya kavaa buti mbili, zote za kushoto.
"Unaniuliza mimi?" Akageuka nyuma,
kama kwamba nimemwita mwingine.
Jibu lake halikuwa la barabarani.
Nikaenda Kijiwetanga. Nikaenda Maweni,
kila nyumba ya tano, hata ile yenye mbwa.
Nikamngoja Kahindi, bawabu wa usiku, hadi alasiri aamke.

Watu mia mbili na kumi, basi.
Wetu kashuka hadi arobaini na moja,
na yule wa tatu, tuliyekuwa tukimcheka, kaibuka.
"Umeharibu hesabu," kasema Mselem.
Sikumjibu. Niliisikia sauti ya chuma
kikipenya katani.

Nani atashinda sijui.
Najua tu kwamba Jumwa, nilipokuwa nikiondoka,
aliita kutoka katikati ya ule weupe:
"Mkishajua tunachotaka, mtarudi?"
Nikapunga mkono, mkono tu.
Boda ilikuwa imeshawaka.