Dirisha Namba Nne

Fomu inauliza: jeraha ulilipata vitani?
Ndiyo. Hapana.
Visanduku viwili tu.

Koplo Ndahani Chilewa, wa Bahi, hajagusa kalamu.
Miezi saba mpakani risasi zilimkosa.
Iliyompata ni sindano ya kwinini,
takoni, kambini, mkononi mwa tabibu wa jeshi:
homa ikapoa,
mguu ukapooza.

“Mzee, tuletee faili la hospitali.”
Faili mchwa walishalila, na jalada lake.

Anavitazama tena vile visanduku.
Kando yake anachora cha tatu, kimepinda,
anaandika ndani:
Mlinitibu.

Kisha anaondoka. Kiatu cha kushoto kinaburura
mstari katika vumbi la Dodoma, hadi mlangoni.
Mbeleje, mfagizi, anafika na ufagio,
anausimamia ule mstari,
anafagia pembeni.